Kabla ya Kusimamisha Boma la Maktaba

Kijiji kikiamua kuwa na maktaba, mazungumzo ya kwanza huwa ya matofali. Kila kaya itoe mangapi, mchanga utoke mto gani, nani ana trekta. Baada ya miezi kadhaa kuta zinasimama, Mwenge unapita, jiwe la msingi linawekwa, kisha boma linakaa kungoja bati mpaka majani yanaota juu ya linta. Tanzania ina maboma ya namna hiyo ya kutosha, ya zahanati, ya madarasa, ya nyumba za walimu. Haya ninayoandika ni kwa wale wanaotaka maktaba na bustani Uchindile, au katika kijiji kingine chochote cha bonde la Kilombero na milima inayolizunguka. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba tofali liwe la mwisho kufikiriwa. Yatangulie kiwanja, kivuli na ufunguo.

Ufunguo nauweka mbele kwa makusudi. Miaka ya 1970 tulikuwa na maktaba za vijiji, tena nyingi. Zilizaliwa na kampeni za elimu ya watu wazima, enzi za Mtu ni Afya ya 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975. Mtihani wa kitaifa wa 1975 ulionyesha watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39, na ule wa 1986 ukawakuta chini kidogo ya asilimia 10. Msomaji mpya asiye na cha kusoma husahau upesi, ndiyo maana vijijini kulipelekwa vitabu. Mara nyingi viliwekwa kabatini shuleni au kwenye ofisi ya kijiji, chini ya uangalizi wa mwalimu mwenye majukumu mengine tele. Uchumi ulipoyumba, vitabu vipya havikuja. Lakini hata vile vilivyokuwepo vilikuwa na shida yao: ofisi hufunguliwa asubuhi, na asubuhi mkulima yuko shambani. Akirudi saa kumi jioni, mwenye ufunguo kesha kwenda kwake.

Kwa hiyo, kabla hamjachangishana hata mfuko mmoja wa saruji, amueni kwa maandishi nani atafungua mlango, siku zipi, saa ngapi, na atapata nini kwa kazi hiyo. Msimwachie mwalimu mkuu, ana ya kwake. Pendekezo langu ni watu wawili wanaopokezana, mmoja awe msichana au mama, wapewe posho hata kama ni ndogo, mradi iwe na uhakika. Kujitolea ni neno zuri kwenye mkutano wa hadhara, ila mtu anayejitolea huacha kuja mvua ya kwanza ya kupandia inaponyesha, na hakuna anayeweza kumlaumu. Saa zenyewe ziwe saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku siku za kazi, na Jumamosi na Jumapili kutwa, isipokuwa wakati wa ibada. Asubuhi ya siku za kazi fungeni tu. Atakayekuja asubuhi ni mgeni kutoka wilayani, na yeye atawapigia simu kabla.

Kuna jambo jingine la ratiba ambalo watu wa Ifakara na Mlimba wanalijua vizuri kuliko mshauri yeyote. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani, hukaa kwenye vibanda kwa wiki na miezi, wengine juu ya dungu kulinda ndege na wanyama. Kijiji kinabaki na wazee, wenye maduka na baadhi ya wanafunzi. Maktaba isiyojua hilo itaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawapendi kusoma. Dawa yake ni rahisi: tengenezeni masanduku matatu au manne ya mbao yenye mfuniko na kamba ya kubebea, kila moja liingie vitabu thelathini hivi na lipakilike kwenye bodaboda. Kila kundi la mashamba liwe na kaya moja inayokabidhiwa sanduku kabla ya kupanda na kulirudisha baada ya kuvuna. Garissa nchini Kenya ngamia wamebeba vitabu kwenda kwa wafugaji wanaohamahama tangu 1996, na bodaboda ni rahisi kuitunza kuliko ngamia.

Sasa kiwanja. Kosa linalorudiwa ni kuipeleka maktaba pale palipobaki, yaani eneo ambalo hakuna mtu alilitaka, nyuma ya mlima wa takataka au mwisho wa kitongoji cha mwisho. Fanyeni kazi ndogo kwanza. Watu watatu watembee kijijini siku ya kawaida, asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, waandike watu wamekaa wapi na wanafanya nini. Mtakuta vijiwe vyenu vilivyopo tayari: bodaboda kwenye njia panda, wazee na bao lao chini ya mti, akina mama kwenye foleni ya maji, watoto karibu na mashine ya kusaga. Maktaba ijengwe mahali ambapo watu hawahitaji sababu mpya ya kufika.

Uchindile ina bahati ambayo vijiji vingi havina, nayo ni stesheni. Reli ya TAZARA inapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako kupitia kipande kilichowatoa jasho wajenzi kuliko kingine chochote kati ya 1970 na 1975, chenye mahandaki na madaraja mfululizo. Kila aliyewahi kupanda treni hiyo anajua kungoja ni sehemu ya safari. Ungoje saa mbili, ungoje usiku kucha, ukae juu ya gunia lako. Kwa mpangaji wa maktaba, umati unaongoja bila la kufanya ni neema. Kama kuna eneo la kijiji linalofikika kwa miguu kutoka stesheni bila kuvuka reli, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Nasisitiza bila kuvuka reli, na nasema eneo la kijiji, kwa sababu ukanda wa reli una mwenyewe na hamtataka kuja kuwekewa ukutani alama ya X ya kubomolewa. Vifurushi vya vitabu kutoka Dar es Salaam vikiweza kuja kwa behewa badala ya lori wakati wa masika, hiyo ni faida ya ziada.

Mkishalipata eneo, lifungeni kisheria kabla hamjalifunga kwa uzio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, lakini kugawa ardhi kunahitaji kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote. Uamuzi kwamba eneo hili ni la maktaba na bustani upite kwenye mkutano huo, uandikwe kwenye muhtasari ukiwa na mipaka inayoeleweka, na uingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kama ardhi ya matumizi ya pamoja. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iende kwa mtendaji wa kata, nyingine Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba. Uwanja mtupu unavutia macho. Dar es Salaam imepoteza maeneo ya wazi mengi kwa sababu kwenye karatasi hayakuwa na mtu wa kuyatetea. Nairobi mwaka 1989 Wangari Maathai alilazimika kupambana na serikali yenyewe ili jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe ndani ya Uhuru Park, na bustani ile ilikuwa na jina, ramani na historia. Ya kwenu itakuwa na miche kumi na benchi mbili tu.

Katika mkutano huo huo angalieni nani anazungumza. Mikutano ya vijiji ina wasemaji wake, na wengi wao ni wanaume wa umri fulani. Fanyeni kikao cha pembeni na akina mama, kingine na vijana wa sekondari. Waulizeni swali la wazi: kitu gani kitakuzuia usije? Majibu mtakayopata yatahusu giza njiani, choo, mtoto mgongoni, mume atakayeuliza ulikuwa wapi, na wahuni wanaovuta bangi kwenye kona. Karibu yote hayo ni mambo ya ramani ya jengo. Taa ya sola kwenye kona ile ni usanifu. Choo chenye mlango unaofungika kwa ndani, na maji ndani yake, ni usanifu vilevile, na kwa msichana wa kidato cha pili ni muhimu kuliko ukubwa wa chumba cha kusomea.

Anzeni na nje. Mwaka wa kwanza usiwe na jengo kabisa. Uwe na miti, mabenchi, simtanki na kabati moja la chuma kwenye nyumba ya jirani. Mti ndiyo kazi inayochukua muda mrefu zaidi katika mradi mzima, kwa hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Bondeni, mwembe hauna mpinzani kwa kivuli, ila uweni tayari kwa mawe ya watoto msimu wa maembe, na msiupande karibu na bati. Kule juu, Uchindile kwenyewe, parachichi linakubali na mkuyu ukipata maji ya kutosha unatanuka vizuri. Mlingoti acheni kwenye mashamba ya miti. Nalisema hili kwa sababu Uchindile imezungukwa na mashamba ya misonobari na milingoti yaliyoanza kupandwa miaka ya 1990, na miche yake ni rahisi kupatikana, kwa hiyo kishawishi kipo. Lakini mlingoti unakunywa maji mengi, kivuli chake ni chepesi, na matawi yake hudondoka bila taarifa.

Mabenchi yajengwe kwa matofali na kusakafiwa, yawe na kimo cha goti la mtu mzima, sentimita 45 hivi, na upana wa kutosha kuweka ubao wa bao kati ya watu wawili waliokaa wakitazamana. Yasipangwe mstari mmoja kama ya kanisani. Yapangwe mapinde, watu wanne au watano waonane nyuso. Katika hili Zanzibar walitutangulia zamani: zile baraza za mawe mbele ya nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa ndani ya ukuta wenyewe, hakuna wa kuzihamisha wala kuziiba, na mpita njia anakaa bila kuomba ruhusa. Nyumba ya maktaba itakapokuja, iwe na baraza la namna hiyo kuzunguka pande mbili, lenye upana wa mita mbili na nusu hivi na paa lililochomoza vya kutosha mvua ya pembeni isifike kwenye vitabu vya anayesoma pale. Kelele zikae barazani, ukimya ukae ndani. Hivyo hamtahitaji kuandika ukutani kwamba kuzungumza ni marufuku.

Uwanja wa mpira ukiwa karibu, vizuri, mradi goli lisielekee madirishani. Pandeni safu ya miti katikati. Ng'ombe na mbuzi nao watakuja, kwa hiyo uzio wa michongoma utafaa kuliko waya, ambao huibiwa.

Jengo lenyewe liwe dogo. Chumba kimoja cha mita sita kwa tisa kinatosha kijiji, kikiwa na stoo ya kufungwa. Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walioanzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017 walikuwa na jumba kubwa la maktaba ya McMillan la 1931 mikononi, lenye nguzo na ngazi za kifahari, lakini walianza kukarabati matawi yake madogo ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katikati ya makazi ya watu. Wangeweza kuanza na lile la kupigwa picha. Nawasifu kwa kutofanya hivyo.

Kuna mambo matatu ya ufundi ambayo fundi wenu hatawaambia kwa sababu hakuna aliyewahi kumlipa kuyafanya. La kwanza ni dari. Mvua ya Kilombero juu ya bati tupu hairuhusu mtu kusikia anachosomewa, na jua la Februari chini ya bati hilo halimruhusu kukaa. Kama silingi bodi ni ghali, wekeni mikeka au mbao nyembamba chini ya kenchi. La pili ni mchwa. Rafu za mbao za paina zisizotiwa dawa, zikiegemea ukuta, zitaliwa kimyakimya na vitabu vitafuata. Rafu zisimame vidole vinne kutoka ukutani, miguu yake iwe ya chuma au iwekwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Kitabu cha chini kabisa kikae juu ya goti, kwa ajili ya mchwa na, bondeni, kwa ajili ya mafuriko. Huko bondeni msingi wenyewe upandishwe juu ya alama ya maji ya mafuriko makubwa ambayo wazee wanayakumbuka. Msikubali kipimo cha mwaka jana.

La tatu ni mbu, na hapa tuna wataalamu mlangoni. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, imetumia miongo mingi kumchunguza mbu wa bonde hili. Mbu wa malaria hupenda kuingia nyumbani kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Uzibeni uwazi huo kwa wavu, na madirisha pia. Tatizo ni baraza, kwa sababu watu watakaa nje saa moja na saa mbili usiku, na huwezi kuweka wavu kwenye uwanja. Watafiti wa Ifakara wamejaribu riboni za mkonge zilizolowekwa dawa ya transfluthrin na kuzungushwa kwenye upenu wa nyumba, na hata viti vyenye dawa hiyo kwa ajili ya watu wanaokaa nje. Iandikieni taasisi barua. Baraza la maktaba lenye watu kila jioni ni mahali ambapo mtafiti angependa kupajua, na nyinyi mtapata ushauri wa kitaalamu bila kuununua.

Fedha. Kujenga kuna wachangiaji: nguvu za wananchi, mfuko wa jimbo, kampuni za miti zinazofanya kazi jirani. Kuendesha hakuna mchangiaji. Balbu, betri ya sola baada ya miaka kadhaa, sabuni ya choo, posho ya wale wawili wenye ufunguo, vyote hivyo havina jiwe la msingi, kwa hiyo hakuna mgeni rasmi atakayevigharimia. Kibera, Nairobi, shirika la Kounkuey Design Initiative limekuwa likitengeneza viwanja vya umma pamoja na wakazi kandokando ya mto Ngong tangu 2006, na jambo la kuiga pale ni kwamba ndani ya kiwanja huwekwa kitu kinacholeta hela: bomba la maji la kuuza, vyoo vya kulipia, sehemu ya kufulia, kibanda cha biashara. Kikundi cha wakazi hukusanya na hutunza.

Uchindile bomba la maji na kituo cha kuchaji simu kwa sola vinatosha kuanzia, na kibanda cha chai na maandazi kinachotazama stesheni. Kikundi cha akina mama au vijana kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, kikafungua kibanda na kulipa kodi ya pango kwa kamati ya maktaba. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, zikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Watu watazisoma kuliko riwaya yoyote mtakayoiweka rafuni.

Na riwaya ziwekwe. Mkitangaza mnahitaji vitabu, mtaletewa makasha kutoka ng'ambo: ensaiklopidia za Kiingereza za miaka ya 1980, vitabu vya kompyuta ambazo hazipo tena duniani, mapishi ya keki za Krismasi. Mjifunze kukataa kwa heshima. Mkulima wa mahindi anayetaka kupumzisha akili jioni atamfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa mpaka ukurasa wa mwisho, kisha ataomba kingine. Nunueni nakala mbilimbili za hivyo kuliko nakala moja ya kila kitu. Kwa watoto, wachapishaji wa Dar es Salaam kama Mkuki na Nyota wana vitabu vya Kiswahili vyenye picha, na tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa bila malipo. Vitabu vya kiada vya shule vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtu mmoja mwenye kishikwambi na bando anaweza kupakua zile hadithi akiwa mjini na kurudi nazo kijijini. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba ya mkoa Morogoro na chuo cha ukutubi Bagamoyo. Mpelekeni mmoja wa wale wawili akajifunze misingi, msisubiri bodi ije kwenu.

Orodha ya vitabu iwe kwenye daftari kubwa, kaunta buku ya kawaida ya dukani, yenye safu nne: jina la kitabu, aliyekichukua, kitongoji chake, tarehe ya kurudisha. Kompyuta baadaye. Msitoze faini ya pesa kwa kuchelewa, kwa sababu anayedaiwa shilingi mia tano hatarudisha kitabu wala kuonekana tena. Asiyerudisha asiazimwe kingine mpaka arudishe, basi. Vitabu vitapotea hata hivyo, na kamati ikubali hilo kwenye bajeti tangu mwanzo: tengeni fedha za kununua upya sehemu moja ya kumi ya vitabu kila mwaka. Mwenyekiti mwenye hofu ya upotevu ataagiza kabati lifungwe, na tutakuwa tumerudi kwenye lile kabati la ofisi ya kijiji.